Ukuta Uliopakwa Vanishi

Kibao bado kipo. Kimepigiliwa kwenye nguzo ya ukumbi wa mtaa wetu hapa Mwankoko, herufi nyeupe juu ya bluu: KAZI YA MCHORAJI WA KIHINDI ALIYEIPENDA SINGIDA. USIGUSE. Nimekisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma barua za kunikatalia kazi, na hizo nimezisoma sana. Kila neno pale, ukilichukua peke yake, ni la kweli. Yakikaa pamoja yanakuwa uongo.

Hilo la kupenda ndilo linaloniudhi zaidi. Mimi ni mwenyeji wa hapa, na kuna miezi siipendi Singida hata kidogo, hasa ile ya upepo, mchanga unapoingia mpaka kwenye ugali. Hakuna aliyewahi kunitaka nithibitishe mapenzi. Anayetakiwa kupenda ni mgeni. Mwenyeji anakaa tu, analalamika, anazeeka. Na huyu mtu alikaa, akalalamika kutushinda sisi wote, akazeeka. Angekuwa na jina la kabila letu, kibao kingesema "Mchoraji wa Singida" na mambo yakaishia hapo.

Nilipokuwa najitolea kuandika kumbukumbu za kamati ya ukumbi, kwa sababu nina shahada na sina kazi, nilipendekeza maneno hayohayo. Mwenyekiti wa kamati alinitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtoto anayeomba maji katikati ya ibada.

"Binti, ukiandika hivyo litazua maswali."

"Maswali gani, Mzee?"

"Watu watauliza, ina maana wengine hawapo?"

"Wapo wengine?"

"Si lazima wawepo. Nafasi yao iwepo."

Niliwaza jibu kwa wiki nzima. Mpaka leo nikioga huwa namjibu.

Tulimwita Mwalimu. Alifundisha kuchora sekondari mpaka somo lilipofutwa kwa kuwa halikuwa na mtihani, na hata baada ya hapo hakuna aliyeacha kumwita hivyo. Alikuwa na chumba nyuma ya duka la ndugu zake mjini, chenye harufu ya udongo mbichi na chai ya tangawizi. Alikuwa mwembamba, na alivaa kofia ya sufu hata jua la saa saba, akidai kwamba upepo wa Singida unaingilia masikioni na kutokea kwenye akili. Mikono ya shati lake ilikuwa na rangi ya kila mahali alipowahi kuchimba.

Nianze na shikamoo. Mtoto wa hapa akimpita mzee bila shikamoo, habari inamtangulia nyumbani. Lakini tulipokuwa wadogo tulijifunza, sijui kutoka kwa nani, kwamba shikamoo haiwahusu Wahindi. Wao tuliwapungia mkono, au tuliwapigia kelele "Mhindi, Mhindi!" na kukimbia. Mwalimu alikuwa anashuka kwenye baiskeli. Aliiegemeza kwenye ukuta, akatusubiri tuishiwe nguvu za kukimbia, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi nywele hizi nyeupe nimepaka chokaa?"

Tukazitazama nywele zile.

"Basi nasubiri."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, wajukuu. Hamjambo? Nyumbani hawajambo? Mbuzi hawajambo?" Alitaka majibu ya kila swali. Tulichelewa chakula kwa ajili ya mbuzi. Wakati ule niliona ni uchokozi wa mzee. Sasa naona ni mtu aliyekuwa anadai haki yake barabarani, mtoto mmoja mmoja, maisha yake yote, na sisi tulikuwa tunacheka.

Hakula nyama, na hakuna aliyechora ng'ombe wa mnadani kama yeye. Alikwenda kila mnada, akasimama kwenye vumbi mikono nyuma, akiangalia nyonga na nundu mpaka wauzaji wakakasirika.

"Mzee, unanunua au unaangalia?"

"Naangalia. Kuangalia mnauza shilingi ngapi?"

Hakuchora hapo hapo. Ilikuwa mwiko kwake. Alitazama, akageuka, akaenda zake, na ndipo akachora. Darasani alitufundisha hivyo hivyo. Alitupeleka kwenye yale mawe makubwa ya hapa Singida, akatuacha tuyatazame mpaka tukachoka, kisha akatuamuru tuyape mgongo na kutoa karatasi. Zilikuwa karatasi za mifuko ya saruji, upande wa ndani.

"Mwalimu, sasa tunachora nini na hatuyaoni?" akauliza mwenzetu mmoja.

"Ulichokuwa unakiona."

"Nimesahau."

"Basi hukuona. Geuka uone tena."

Sifa alizibana kama mtu mwenye mfuko uliotoboka. Kazi yangu bora kabisa aliitazama kwa muda, akasema, "Hii haijaharibika sana." Niliitafakari kauli hiyo kidato cha pili chote. Na yeye mwenyewe aliyetuambia kwamba mchoro ni wa kufutwa, alimfukuza darasani mvulana aliyefuta ubao wenye mchoro wa kuku, tena akamtupia chaki. Nilipomuuliza miaka mingi baadaye, alisema, "Kuku yule alikuwa hajaisha. Huwezi kuzika kitu ambacho hakijaisha." Sikujua kama hiyo ni falsafa au kisingizio. Kwa Mwalimu, vitu hivyo viwili vilikuwa vinakunywa chai pamoja.

Rangi za dukani hakuzitaka. Wekundu aliuchimba huku kwetu Mwankoko, weupe kando ya ziwa, weusi ulikuwa masizi ya sufuria. Njano ilitoka upande wa Shelui, na ililetwa na madereva wa malori katika vifuko. Kwa sababu huko kuna habari za dhahabu, mji mzima ukaamua kwamba Mhindi anasafirisha dhahabu kwa siri. Mgambo mmoja akakishika kifuko stendi, akakifungua mbele za watu.

"Hiki nini?"

"Udongo."

"Udongo wa nini?"

"Wa njano."

Watu walicheka, Mwalimu naye akacheka. Mimi siwezi. Jirani yangu akibeba udongo, ni udongo. Yeye alihitaji shahidi.

Na alikuwa msomi, jambo ambalo kibao hakikulitaja. Kwa miaka mingi alizunguka kwenye nyumba za udongo akiwauliza wanawake wanaozikandika: huu mstari mnauitaje, nani alikufundisha, mama yake alitoka wapi. Kinyaturu alikizungumza kwa lafudhi ya dukani, lakini alikizungumza mpaka kwenye mizaha. Alikuwa na hoja moja kubwa: kwamba michoro ya kuta haikai na ukoo, inasafiri na mabibi harusi. Ukitaka kujua wasichana wa kijiji fulani waliolewa wapi, alisema, usiulize wazee wa kiume, fuata kuta. Aliandika makala ndefu kwa Kiswahili, tena kwa mkono. Akaja mtafiti kutoka mji mkubwa, akazungushwa na Mwalimu nyumba kwa nyumba, akala kwake, akaondoka, akatoa kitabu. Hoja ya mabibi harusi imo, sura nzima. Mwalimu amo pia, katika shukrani: "mwenyeji mmoja mwenye asili ya Kiasia."

Alinisomea mstari ule huku akipiga goti kwa kicheko. "Mwenyeji mmoja! Umesikia? Hatimaye nimepandishwa cheo. Mwenyeji!"

"Mwalimu, huyu amekuibia."

"Amewaibia wale mama. Mimi amenisahau tu. Usichanganye makosa, msomi. Kila kosa lina mwenyewe."

Nilikasirika naye siku ile, kwa kukataa kukasirika. Bado sijui kama nilikuwa na haki.

Sasa nifike kwenye ukuta.

Ukumbi wetu zamani ulikuwa ghala la nafaka, la matofali mabichi, na ukuta wake wa mbele umekandikwa udongo. Kila mwaka kabla ya mvua kukolea, wanawake wa mtaa waliukwangua na kuukandika upya, wakiongozwa na bibi mmoja ambaye sisi wote tunamwita Bibi Mkandikaji. Udongo ukiwa bado na ubichi, Mwalimu alikuja na makopo yake akachora: mnada, kuku, wanawake na vikapu, mawe. Bibi na wenzake walichora mistari yao pembezoni, na mara nyingi waliingia mpaka katikati bila kuomba ruhusa. Mwaka uliofuata kila kitu kilikwanguliwa. Hakuna mchoro uliowahi kuona mvua mbili. Watu wa nje waliona huo ni uharibifu. Kwetu ilikuwa kama kufua nguo.

Kisha macho ya Mwalimu yakaanza kufifia. Ule mwaka wa mwisho alichora pua ikigusa ukuta, polepole, siku nyingi, na mchoro ule ulikuwa mzuri kuliko yote. Nasema hivyo mimi ambaye hutafuta kasoro kwenye picha ya kalenda. Ng'ombe walikuwa wanatembea. Halafu akapelekwa Dodoma kwa watoto wa dada yake, kutibiwa.

Huku nyuma kamati ikapata wazo. Ilisikika kwamba mgeni rasmi mkubwa atakuja kuuzindua ukumbi kama mahali pa kumbukumbu. Mchoro usipotee, wakasema. Wakanunua vanishi ya mbao wakaupaka ukuta wote mara mbili, ukang'aa kama kabati jipya, wakapigilia kibao. Walifanya kwa heshima. Naandika hivyo kwa shida, lakini ndivyo ilivyokuwa. Walimheshimu bila kumuuliza. Bibi Mkandikaji naye hawakumuuliza.

Mvua za kwanza zilipoanza niliona ukuta unavimba. Ukuta wa udongo unapumua. Unakunywa unyevu kwa chini na kuutoa kwa uso, na sasa uso ulikuwa umefungwa. Malengelenge yakatokea kwanza miguuni mwa ng'ombe. Niliandika ujumbe kwenye kundi la simu la kamati, nikaufuta, nikauandika tena kwa adabu zaidi, nikautuma. Mwenyekiti alijibu kwa picha ya mikono inayoomba.

Mwalimu aliporudi, nilimfuata chumbani kwake. Madaktari walikuwa wamemwambia kwamba kilichobaki ni mwanga na kivuli tu. Nikamweleza yote: vanishi, kibao, malengelenge, mgeni rasmi. Nilieleza kwa ghadhabu iliyopangwa vizuri, ikiwa na utangulizi na hitimisho. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Bibi amesema nini?"

Sikuwa nimemuuliza.

"Ita bajaji," akasema.

Tulimkuta mwenyekiti anapanga viti barazani. Akanyanyuka kwa furaha ya kweli. "Shikamoo, Mwalimu! Karibu uone tulivyokutunza."

"Marahaba. Kuona hapana. Nimekuja kushika." Akanyoosha mkono kuelekea ukutani, na mwenyekiti, bila kufikiri, akaukingia wake.

"Hata mimi nisiguse?"

"Aa, hapana, Mwalimu, samahani. Ni mazoea. Watoto."

Mwalimu akapapasa, kiganja kizima, kama mtu anayempima mtoto homa. "Hii nini? Chupa?"

"Vanishi. Ile nzuri ya mbao."

"Huu ukuta ni wa mbao?"

Mkono ukafika kwenye lengelenge. Akalibonyeza. Likapasuka, maji ya rangi ya chai yakatiririka mpaka kwenye kiwiko cha mkono wake.

Wakati huo Bibi Mkandikaji alikuwa anakuja na wenzake, makarai ya udongo kichwani, kama kila mwaka wingu likikaza. Hawakuwa wamealikwa. Hakuna anayealika mvua pia. Alipomwona Mwalimu akatua karai.

"Umerudi, mzee wa dukani? Nimesikia Dodoma wamekupa macho mapya."

"Hawakuwa na saizi yangu."

"Afadhali. Maana kwa yale ya zamani ulimchora ng'ombe wangu ana nyonga za mbuzi."

"Ng'ombe wako ana nyonga za mbuzi."

"Una bahati huoni. Ningekupiga."

Wanawake wakacheka, hata mwenyekiti. Kisha Bibi akachota donge la udongo kwa mkono wake na kulibandika ukutani kwa kishindo, kama alivyofanya maisha yake yote. Likakaa kidogo. Likateleza. Likaanguka chini, plaa. Akabandika lingine. Likateleza, likatua kwenye kiatu cha mwenyekiti.

Bibi akageuka taratibu. "Mwenyekiti, mmeuvalisha ukuta koti la mvua, na maji yako ndani."

"Bibi, ukuta huu sasa ni wa kumbukumbu. Haukandikwi tena."

"Usipokandikwa utaanguka."

"Basi tungoje mgeni rasmi aje, halafu tuitishe kikao."

"Mvua itahudhuria hicho kikao?"

Hapo nikaingia mimi. Nilikuwa nimewaza sana usiku kucha, na nilidhani nimepata njia ambayo ingemwacha kila mtu na chake. "Tukate kipande," nikasema. "Kipande kimoja tu, kile cha mnada, kabla hakijavimba chote. Tukiweke kwenye fremu. Kinachobaki kikwanguliwe."

"Naam!" akasema mwenyekiti. "Binti amesema jambo la maana." Ilikuwa mara ya kwanza sisi kukubaliana, na nilihisi vibaya papo hapo.

Mwalimu akageuzia uso wake upande wa sauti yangu. "Wewe nawe?"

"Mwalimu, hutachora tena." Sikukusudia kulisema mbele za watu, lakini lilikuwa limeshatoka. "Huu ndio wa mwisho. Ukikwanguliwa, hakuna kitu chako kitakachobaki. Hata kimoja. Na hawa wataandika kwamba ulikuwa mgeni aliyetupenda, na hatutakuwa na cha kuwaonyesha."

Nilikuwa nalia, kwa hasira. Naandika hivyo kwa sababu mwenyekiti husimulia kwamba nililia kwa huruma.

"Ni kweli," Mwalimu akasema. "Sitachora tena. Kwa hiyo na wao wasikandike tena?"

Nikafuta machozi kwa kiganja.

"Ukikata katikati ya ukuta wa udongo, juu kunakuja chini. Utakuwa na fremu, hawa watakuwa hawana ukumbi." Akarudisha kiganja ukutani, na ndipo nikaelewa kwamba haikuwa rahisi kwake kama alivyotaka tuone. Akauliza kwa sauti ndogo, "Ng'ombe wale bado wanatembea?"

"Wanatembea, Mwalimu."

"Haya. Bibi, anzeni."

Wakaanza kwa visu na majembe ya mkono. Vanishi ilitoka kwa magamba makubwa, na kila gamba lilibeba rangi mgongoni: kikapu, bawa la kuku, kwato. Mwenyekiti alisimama na viatu vyake vyenye udongo akisema "taratibu, jamani, taratibu," kisha akavua koti, akashika upande wa ngazi. Hilo nalo nalikiri.

Kuna desturi ambayo wasiokandika hawaijui. Udongo wa zamani hautupwi. Unaponyolewa ukutani unalowekwa, unakanyagwa pamoja na mpya, unarudishwa. Bibi alisema kwamba ndani ya ukuta ule umo udongo aliokandika mama yake. Kwa hiyo michoro yote ya Mwalimu ya miaka ya nyuma haikuwahi kwenda mbali, ilikuwa imo humo ndani, imesagwa. Safari hii tu ndiyo iligoma. Magamba ya vanishi hayakulainika. Yalielea kwenye karai yaking'aa, yakakata vidole vya wanawake. Ikabidi yachambuliwe, moja moja, kama mawe kwenye mchele.

Mwalimu akavua kofia, akachuchumaa kando ya karai, akaingiza mikono. Hakuhitaji macho kwa kazi hiyo. Alipapasa tope, akakuta kilicho kigumu, akakitoa, akakiweka kando. Mimi nikachuchumaa karibu yake. Udongo wake ulirudi kwenye udongo wa wengine. Kilichotengwa ni kile tu kilichokuwa kimehifadhiwa.

Gamba moja alilishika kwa muda mrefu. Lilikuwa na ukubwa wa kiganja. Akalisuuza kwenye maji, akalifuta kwa mkono wa shati, akanipa.

"Hili lina nini?"

Nikaligeuza kwenye mwanga. "Jicho la ng'ombe. Na kipande cha pembe."

"Zuri?"

"Zuri, Mwalimu. Zuri sana."

Alikaa nalo hilo neno. Nadhani lilikuwa la kwanza la aina hiyo ambalo yeyote kati yetu alikuwa amemwambia usoni.

"Tupa," akasema.

Sikutupa. Akapapasa mpaka akaupata mkono wangu, akanifungua vidole, akalichukua, akalitupa mwenyewe kwenye lundo la taka, kisha akarudisha mikono yake kwenye tope.